Mafia: Kisiwa Kimya Chenye Wenyewe

Jioni moja, jua likiwa linazama nyuma ya Mlima Kigali, jirani yangu mmoja hapa Kiyovu alisimama nami kando ya njia, chini ya miti mirefu iupayo mtaa wetu kivuli, akaniuliza swali. Alikuwa amejiwekea akiba kidogo kwa ajili ya likizo, wala hakutaka tena kwenda katika miji yenye makelele. "Niambie, ndugu yangu," alisema, "ni wapi katika Afrika yetu hii ya Mashariki mtu aweza kuiona bahari, akajifunza jambo, na asisikie honi hata moja?"

Jibu langu lilikuwa neno moja: Mafia. Jirani alicheka, maana jina hilo limeharibiwa na sinema za majambazi wa Italia. Kumbe kisiwa hicho cha Tanzania hakina uhusiano wowote na genge hilo. Tarikh ya Kilwa, ambayo ni miongoni mwa maandiko ya kale juu ya pwani yetu, yaitaja Mafia kuwa ilikuwa chini ya watawala wa Kilwa, karne nyingi kabla ya majambazi hao kujulikana duniani.

Nilimwongezea neno moja ambalo ndilo kiini cha makala haya. Nilimwambia kuwa kimya cha Mafia kina wenyewe. Hakikuja kwa sababu mahali pale hapana watu. Ni kimya kilichotafutwa, kilichogombewa na kinachogharimiwa hadi leo na watu ambao mgeni huwaona alfajiri wakipandisha tanga. Mtu akienda huko bila kulijua hilo, atarudi na picha nzuri, lakini kisiwa atakuwa hakukiona.

MAHALI KILIPO

Mafia iko katika Bahari ya Hindi, mkabala na delta ya mto Rufiji, kusini ya Dar es Salaam. Kiutawala ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, wala si sehemu ya Zanzibar kama wengi wadhanivyo. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 50 hivi, na kando yake viko visiwa vidogo vyenye watu na historia yao: Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 46,438 katika wilaya nzima, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 66,000. Kwa maneno mengine, Mafia yote pamoja na visiwa vyake ina watu wachache kuliko wilaya yoyote ya Jiji letu la Kigali.

Msafiri wa Kigali hufika Dar es Salaam kwa ndege, au kwa basi kupitia Rusumo, safari ya zaidi ya kilomita 1,400. Kwa kuwa Rwanda imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, mwananchi wetu hahitaji viza. Kutoka Dar es Salaam kuna ndege ndogo zitumiazo kama nusu saa hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Mwenye muda mrefu na mfuko mwepesi huteremka kwa gari hadi Nyamisati, ukingoni mwa delta, akavuka kwa chombo pamoja na wenyeji na mizigo yao. Njia hii ya pili ina mafunzo zaidi. Chombo hupita kati ya mikoko kabla ya kukutana na bahari, na mgeni aliyezoea saa ya ukutani hupata kujua kuwa huko iko saa nyingine, ya maji kujaa na kupwa, ambayo nahodha huitii kabla ya ile ya mkononi.

Majira nayo yafaa yafikiriwe. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ule wa kusi hushika katikati ya mwaka. Aprili na Mei ni wakati wa masika, ambapo mvua ni nyingi na bahari huwa na tope la mito. Kwa hiyo atakaye kupiga mbizi huchagua zaidi miezi ya kuanzia Oktoba hadi Februari, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu.

CHINI YA MAJI

Kati ya kisiwa kikubwa na visiwa vya Chole na Juani iko Ghuba ya Chole. Ghuba hii inawasiliana na bahari kuu kwa milango michache, ambayo mashuhuri kati yake ni Mlango wa Kinasi. Maji yanapojaa, bahari kuu humiminika ndani kwa njia hiyo. Yanapokupwa, hutoka kwa nguvu ya mto uliofurika. Ndiyo sababu wapiga mbizi huingia mlangoni maji yanapojaa, ili mkondo uwasukume ndani ya ghuba wala usiwachukue nje. Maji hayo ya nje huleta chakula, na penye chakula ndipo palipo samaki. Zaidi ya aina 400 za samaki zimeorodheshwa katika maji ya Mafia: chewa wakubwa, mikunga ichunguliayo mashimoni, taa, changu, na pono watafunao mwamba kwa meno yao magumu na kuutoa tena ukiwa mchanga mweupe. Mchanga ule ambao mgeni hujilaza juu yake sehemu yake kubwa imepita matumboni mwa samaki.

Pengine tunaoishi mbali na bahari twafaa kuelezwa matumbawe ni nini. Matumbawe si mawe wala si mimea. Ni makazi ya wanyama wadogo waishio pamoja kwa maelfu, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa. Ndani ya mwili wa mnyama huyo huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo matumbawe hustawi katika maji maangavu yafikiwayo na jua. Joto la maji likizidi kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika: mwani hutoka, matumbawe hubaki meupe kama mifupa, na joto lisiposhuka hufa kwa njaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mafia mwaka 1998, wakati wa El Niño kali, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe ilikufa. Ghuba ya Chole ilipata kupona kwa kiasi, lakini joto la bahari za dunia limerudi tena, hasa mwaka 2016 na mwaka 2024. Mvuvi wa Chole hana kiwanda wala ndege. Hata hivyo, moshi wa wenye viwanda na ndege humfikia mwambani kwake.

Kuhusu kupiga mbizi kwenyewe, atakaye kuvaa mtungi wa hewa ni lazima kwanza afunzwe na mwalimu mwenye cheti. Kanuni ya kwanza ni kutozuia pumzi hata kidogo, na ya pili ni kupanda juu polepole. Kadiri mtu azamavyo, ndivyo maji yanavyombana na ndivyo nitrojeni iliyomo katika hewa avutayo inavyoyeyuka mwilini mwake. Akipanda kwa haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafula, na mapovu hayo huweza kumlemaza au kumwua. Kwa sababu hiyohiyo wapiga mbizi huambiwa wasipande ndege hadi saa 18 au zaidi zipite tangu mbizi ya mwisho. Mtu wa Kigali, ambaye mji wake wenyewe uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, yafaa siku yake ya mwisho kisiwani aitumie kutembea magofuni. Asiyetaka mtungi avae miwani na mrija wa kupumulia, aelee juu ya mwamba. Atayaona mengi kwa gharama ndogo.

POTWE WA KILINDONI

Upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, hupatikana mnyama ambaye wageni wengi humfuata kutoka mabara ya mbali. Wenyeji humwita potwe. Ni papa, na ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo avichujavyo majini kwa kinywa kipana. Wengi waonekanao Mafia ni madume machanga wenye urefu wa mita 6 au 7 hivi. Mgongo wa kila mmoja una madoa ambayo hayafanani na ya mwenzake, na kwa njia hiyo wataalamu wameweza kuwatambua mmoja mmoja kwa picha.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa potwe huja Mafia mwezi wa Oktoba na kuondoka karibu na Machi. Watafiti walipowafunga vyombo vya kutoa sauti na kutega masikio ya mitambo chini ya bahari, waligundua jambo lisilotarajiwa, nalo wakalitangaza mwaka 2015: wengi wa potwe hao hawaondoki kabisa. Miezi mingine husogea mbali kidogo na pwani na kuzama zaidi, macho ya watu yasiwaone. Potwe, basi, naye ni mwenyeji. Ghuba ya Kilindoni aishimo ndimo wavuvi wa dagaa hutegea nyavu usiku, na mara nyingine samaki huyo hufuata dagaa hadi ndani ya wavu. Uhai wake umo mikononi mwa mtu ambaye wavu wake ndio karo ya watoto wake. Mvuvi akiukunjua wavu akampa njia, hupoteza sehemu ya mavuno ya usiku ule. Hiyo ni mojawapo ya gharama za kimya ambazo mgeni hazioni katika stakabadhi ya hoteli.

KASA NA POPO

Katika fukwe za mashariki za Juani, kasa wa kijani hupanda usiku kutaga mayai. Jike huchimba shimo, hutaga mayai mia moja hivi, huyafukia, kisha hurudi baharini asiyaone tena. Baada ya siku kama 55 au 60 vitoto huchimbuka na kukimbilia maji. Zamani mayai hayo yaliliwa na nyama ya kasa iliuzwa. Tangu mwaka 2001 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wanakijiji watakaolifichua tundu la mayai na kulilinda, na malipo hayo huongezeka kadiri vitoto vilivyo hai vitokavyo. Katika miaka michache wizi wa mayai ulipungua sana, na baadhi ya waliokuwa wakiyafukua wakawa walinzi. Leo mgeni hulipa kiingilio ili aone vitoto vikitoka, na sehemu ya fedha hiyo huingia katika mfuko wa kijiji.

Chole nayo ina popo wakubwa walao matunda, ambao mchana hujining'iniza mitini kama maembe meusi na jioni huruka kuvuka ghuba kwenda kula katika kisiwa kikubwa. Aliyewahi kuzuru kisiwa cha Napoleon katika Ziwa Kivu, karibu na Karongi, ameona popo kwa maelfu, ila wale ni wa jamaa nyingine. Popo wa Chole ni ndugu wa popo wa visiwa vya Komoro na Shelisheli, na wenyeji ndio wailindao miti walalamo. Kisiwa kikubwa kina viboko pia katika mabwawa yake, ambao wazee wao yasemekana walichukuliwa na mafuriko ya Rufiji. Na katika maji yaliyo kati ya Mafia na delta hiyo huishi nguva wachache, ambao ni miongoni mwa wa mwisho katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

MAGOFU YA KUA

Atokaye baharini na kuingia katika historia ataona kuwa Mafia haikuwa kimya siku zote. Katika ncha ya magharibi ulikuwako mji wa Kisimani Mafia, uliostawi zama za ukuu wa Kilwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimba mwaka 1960. Sehemu kubwa ya mji huo imeliwa na bahari, na mawimbi yamezoea kutupa ufukweni vigae na sarafu za kale.

Mji wa pili ni Kua, katika kisiwa cha Juani, uliokuwa na fahari yake katika karne ya 18. Magofu yake yamesimama hadi leo msituni: misikiti kadhaa, makaburi, na jumba la ghorofa la watawala, mizizi ya miti ikiwa imezikumbatia kuta. Wazee wana simulizi juu ya miji hii miwili. Husimuliwa kuwa watu wa Kisimani waliunda jahazi, na siku ya kulishusha majini wakawakamata watoto wa Kua, wakawafunga na kuwalaza mchangani ili chombo kipite juu ya miili yao. Kua hawakulipiza siku ile. Walingoja miaka, kisha wakawaalika watu wa Kisimani arusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi, na ngoma ikiendelea wakauziba mlango kwa mawe. Hakutoka mtu.

Iwapo mambo yalikuwa hivyo hasa au la, wenyeji wameichagua hadithi hii kueleza kwa nini miji yao miwili ni magofu. Msomaji wa nchi hii hahitaji mfafanuzi. Kisasi kina subira kuliko mapenzi, na kikimaliza kazi yake huacha kuta bila watu. Historia iliyoandikwa huongeza kuwa katika miaka ya 1820 hivi Wasakalava kutoka Bukini walivuka bahari kwa mitumbwi yao, wakaishambulia Kua, wakaua na kuteka watu. Mji haukuinuka tena. Kimya ambacho mgeni hukisifu anapotembea Kua ni kimya cha mateka wasiorudi, na yafaa akipite kwa adabu.

MKATABA MMOJA, NCHI MBILI

Baada ya Kua kuanguka, kisiwa kidogo cha Chole ndicho kilichoshika ukubwa chini ya masultani wa Zanzibar. Mashamba ya minazi yalienea, nayo yalilimwa kwa jasho la watumwa. Kisha wakaja Wajerumani, na hapa ndipo historia ya Mafia inapogusana na yetu.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi zisizo zao. Mstari uliochorwa katika ramani kuelekea Kongo uliiacha Rwanda upande wa Wajerumani, pasipo Mwami wala raia wake kuulizwa. Katika mkataba huohuo Uingereza iliahidi kumshawishi Sultani wa Zanzibar awaachie Wajerumani pwani ya bara pamoja na kisiwa cha Mafia, naye akalipwa maki milioni 4. Hivyo vilima vyetu na visiwa vile viliingia katika koloni moja kwa karatasi moja, ingawa watu wa huku hawakuwa wamewahi kusikia habari za wale. Mwaka 1894, von Götzen alipopita Rwanda na kuonana na Kigeli IV Rwabugiri, bendera ya Ujerumani ilikuwa ikipepea pwani. Mwaka 1907, Richard Kandt alipoiweka boma yake hapa Kigali, wenzake walikuwa wakiitawala Mafia kutoka Chole, ambako magofu ya majengo yao yangalipo. Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza walihamia Kilindoni, penye maji marefu ya kutia nanga.

Vita ilipozuka, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza bandarini Unguja mwezi wa Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia ili waitumie kuisaka. Walifyeka uwanja wa ndege, na tarehe 11 Julai 1915, marubani walioruka kutoka kisiwani wakiwaelekeza wapiga mizinga, manowari mbili ziitwazo Severn na Mersey ziliiangamiza Königsberg. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 wakaiburuta bara. Mmoja ulisafirishwa hadi Ziwa Tanganyika na kufungwa katika meli iliyopewa jina la huyohuyo von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba. Mwezi wa Mei 1916 Wabelgiji waliingia Kigali, na zama za Wajerumani hapa zikakoma. Wapagazi na askari wa Kiafrika waliokufa katika vita hiyo ni wengi mno, nao hawakuwa wamemkosea mtu.

WENYEWE NI NANI?

Twarudi sasa kwenye kimya cha leo. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ghuba ya Chole haikuwa na kimya hata chini ya maji. Wavuvi wa baruti, wengi wao wakitoka nje ya kisiwa, waliilipua miamba. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na vifaranga pamoja, wengi huzama bila kuokotwa, na mwamba uliojengwa kwa karne nyingi huwa kokoto. Wakati huohuo matumbawe hai yaling'olewa na kuchomwa ili kupata chokaa ya kujengea. Wanavijiji walilalamika kwa miaka, maana wao ndio waliobaki na bahari tupu wageni wa baruti walipokwisha kuondoka.

Mwaka 1994 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na mwaka 1995 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini humo, yenye kilomita za mraba 822. Tofauti na mbuga kama Serengeti, ambako watu waliondolewa, hapa vijiji vilibaki ndani ya hifadhi na bahari ikagawanywa kwa kanda: pasipovuliwa kabisa, pavuliwapo na wakazi kwa zana maalumu, na pa matumizi ya jumla. Baruti ilinyamaza. Hapana shaka kuwa huo ulikuwa ushindi wa wananchi.

Lakini ushindi ulikuwa na bei. Nyavu ambazo familia zilizitegemea zilikatazwa, na miamba ambayo babu walivua ikafungwa. Baadhi ya wavuvi, hasa wa Jibondo, waliipinga hifadhi kwa miaka mingi. Jibondo ni kisiwa cha mawe ambacho maji yake ya kunywa huletwa kwa mashua. Kumwambia mtu wa huko asiingie baharini ni sawa na kumwambia mkulima wa Musanze asiingie shambani. Mtaalamu wa Kimarekani, Christine Walley, aliyeishi na watu wa Chole, alichapisha mwaka 2004 kitabu kizima juu ya mvutano huo: nani aamue, nani anufaike, na nani azuiwe.

Sisi Wanyarwanda hatuko mbali na swali hilo. Katika Mbuga ya Volkano kibali cha kumwona sokwe kwa saa moja kiliwekwa dola 1,500 mwaka 2017, na kabla ya hapo, mwaka 2005, Serikali ilikwisha kuamua kuwa asilimia 5 ya mapato ya mbuga irudi kwa wananchi wakaao kando yake. Kiwango hicho kilipandishwa kuwa asilimia 10 mwaka 2017. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: mtu anayenyimwa msitu hawezi kuulinda kwa moyo ikiwa fedha yote yapita juu ya kichwa chake. Mafia nako sehemu ya kiingilio cha hifadhi imekusudiwa vijiji, na jinsi igawanywavyo ndiyo itakayoamua kama kimya kile kitadumu.

Tena hatuna haja ya kwenda Musanze kupata mfano. Wakongwe wa mtaa wetu wanakumbuka sehemu ya chini iliyoitwa Kiyovu cy'Abakene, yaani Kiyovu ya Maskini, iliyojaa nyumba za udongo, vilio vya watoto na moshi wa jikoni. Mnamo mwaka 2008 sehemu hiyo ilibomolewa ili mji upangwe upya, na wakazi wake wakatawanyika, wengine katika nyumba zilizojengwa Batsinda. Mji umependeza, wala hakuna atakaye kurudishiwa mitaro michafu. Hata hivyo, nilipomweleza jirani yangu habari za Jibondo, alitazama chini bondeni kwa kitambo, kisha akasema, "Kwa hiyo hata kimya chetu hiki kina watu waliokilipia." Nilimjibu kuwa ndivyo.

WASIA KWA MSAFIRI

Basi atakayekwenda na aende. Akifika, aanze kwa salamu. Shikamoo kwa mzee hufungua milango ambayo dola haifungui. Lugha hii ya Kiswahili, ambayo Bunge letu liliikubali mwaka 2017 kuwa mojawapo ya lugha rasmi, ilikulia katika pepo za visiwa kama vile, na wenyeji hufurahi kuisikia kinywani mwa mtu wa milimani. Wengi wao ni Waislamu. Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni, na mwezi wa Ramadhani uheshimiwe.

Baharini, asiguse matumbawe wala kuyakanyaga, maana alama ya kisigino hukaa miaka. Asimkaribie potwe kwa kumgusa wala kumzibia njia. Asinunue ganda la kasa wala kombe kubwa, kwani kila kinunuliwacho huitwa tena kesho. Amchukue kiongozi wa kijijini, anunue chakula kwa mama wa kijijini, na kule Chole asimame kidogo kwa mafundi wa mashua, awaone wakiziba viungo vya mbao kwa pamba. Hayo yote ni malipo halali kwa wenye kimya.

Jirani yangu amekwisha kuchagua mwezi wa Novemba. Nimemwomba asiniletee kombe wala ganda, bali aniletee habari: wavuvi wa Jibondo wanasemaje sasa, na fedha ya kiingilio imejenga nini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisiwa kikipona kwa kuja kwetu, kitabaki kimya hata watakapokizuru wajukuu zetu. Kikiugua kwa kuja kwetu, heri tungalibaki hapa Kiyovu, tukaitazama bahari katika picha.